Chui wa Getini

Getini, upande wa Liwale, wamechora chui milia.
Aliyemchora hakumwona porini. Alimwona
kwenye blanketi la mkewe, lile zito
linalokopeshwa msimu wa korosho,
akamnakili mpaka na pindo.

"Huyu mnamfuga wapi?" akauliza Mama Mkubwa,
bakora ikigusa sharubu za rangi.
Mfaume, askari wa zamu, akacheka kwa adabu:
"Huyo hayupo, bibi. Afrika nzima hayupo."
"Alaa."
Akanusa ugoro. Akapiga chafya.
"Na bado mmempa mlango?"

Tiketi zetu mbili. Raia, mtu mzima.
Jina: Somoe Nangumbi. Dhumuni: kutalii.
Alinirudishia niisome tena,
kama mtu anayesomewa barua ya msiba wa mbali.

Tuliwaona twiga, wametuangalia juujuu
kama makarani wa mahakama.
Tuliona kinyesi cha tembo, kingali na mvuke.
Ngiri, mkia wima, akakatiza na familia yake
bila kuomba njia.
Simba hatukumwona. Mfaume aliomba radhi
kana kwamba ni mwenyeji aliyekosa kitoweo.
"Usijali, mwanangu," akasema Somoe,
"sisi na yeye tulishaonana."
Hakuongeza. Nami najua: kwetu kuna kaburi
tulilozika kanzu tu.

Kisha magofu.
Ukuta wa Mjerumani, mawe na chokaa,
mtini umeingiza mkono dirishani
na haujautoa miaka mia.
Kuna kibao: mwaka, jina la afisa, Usipande Ukutani.
Mfaume alieleza vizuri, hapa bendera, hapa ghala,
hapa walipofungwa waliokataa kodi.
Somoe aliutazama ukuta ule
kama mtu anayetazama deni
ambalo babu yake alilipa mara mbili.
Hakutaka picha.

Njia ya kurudi, pasipo na chochote,
majani na kichuguu, akagonga kiti:
"Simamisha."
Sheria ni kwamba hakuna kushuka.
Mfaume akatazama saa, akatazama majani,
akachukua bunduki, akamfungulia mlango.

Alikwenda hatua arobaini hivi
na bakora kaisahau garini.
Akainama, akapekua nyasi kwa mikono miwili
kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.
Mafiga. Mawili. Meusi bado upande wa ndani,
na moja lina ufa
kama mdomo wa sungura.
"Ndilo," akasema. "Mama alinambia, la mdomo wa sungura.
Alikuwa ameinjika walipokuja kutuhamisha.
Mimi nilikuwa mgongoni. Chungu walikiacha kinachemka."

Mfaume akavua kofia, akaivaa tena.
"Lakini bibi, hapa hapamo kwenye ramani."
"Najua. Asiyekuwapo mmemchora getini.
Tuliokuwapo, rangi iliwaishia."

Nilidhani atalibeba. Sheria inakataza hata unyoya.
Lakini alifungua pindo la kanga
akatoa unga wa mtama, konzi moja,
akaumwaga pale katikati,
akawataja watu nisiowajua, mmoja mmoja,
bila haraka, hadi Mfaume akaanza
kutazama majani tena.
Kumbe unga ule ulitoka nyumbani.
Kumbe dhumuni tuliandika uongo.

Usiku tukalala gesti, karibu na stendi.
Kitanda kimoja, chandarua kina matundu,
na blanketi. Lile lile,
meno yote nje.
Somoe alimpindua chui kifudifudi,
akamlalia mgongoni, akakoroma.

Mimi nilibaki macho,
nikihesabu moja, mbili,
moja, mbili,
nikilitafuta la tatu.